Kitufe cha Nafasi

Niliinunua Mlango Mmoja, chini ya lundo la suruali,
kibodi nzito kama jiwe la kusagia,
ya Wajerumani: Z na Y zimebadilishana viti,
ukiandika ziwa inatoka yiwa.
Lugiko muuzaji akaipiga kwa ukucha.
"Hii haina kiburi," akasema. "Ukigusa, inaitika."

Ikaitika.
Ikaitika saa saba usiku, ikaitika saa nane,
nikinakili mashauri ya baraza la ardhi
kwa malipo ya kila ukurasa,
mdai akadai, mdaiwa akakana,
mvua ya mawe juu ya bati,
na kile kirefu cha chini, kitufe cha nafasi,
kikibamiza mwisho wa kila neno
kama mlango wa choo cha jirani.

Chumba ni kimoja, pazia ni moja.
Upande wa pili amelala Nkwimba.
Saa kumi na moja gari la kiwanda humpitia
akakate minofu ya sangara hadi jua ligeuke.
Hakulalamika hata siku moja. Aligeuka tu,
kitanda kikalia, nami nikahesabu:
mara nne kwa ukurasa.

Basi nikawa fundi.
Nilivua vitufe kwa mpini wa kijiko,
nikavianika juu ya gazeti kama dagaa.
Chini yake, mabawa ya visubi wa ziwani,
wale wanaopanda kama moshi na kufia kwenye taa,
misimu mitatu ya mabawa.
Nilianza na mafuta ya mgando. Kosa.
A ikanata, na siku mbili nzima
mdi kdi, mdiw kkn.

Nikaosha kwa spiriti, nikaanza upya:
mafuta ya cherehani, kwa ncha ya unyoya wa kuku,
tone moja kila springi;
mpira wa valvu ya baiskeli, nikaukata vipete
vyembamba kama pete za mwanasesere;
tumboni, sponji ya boya lililochanika,
niliyopewa Mwaloni na kijana aliyedhani nina wazimu.

Kitufe cha nafasi nilikiacha mwisho.
Kina waya uliopinda kama nyusi,
huo ndio uliokuwa ukichekacheka.
Nikautandikia plasta ya kidonda, ile ya kahawia,
kutoka kopo la Nkwimba.
Huwagawia kule, kwa ajili ya visu.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima
kama paka anayetembea juu ya sufi.
Nikahesabu kitanda: sifuri.
Ndipo yakaja mengine, yaliyokuwepo siku zote:
tone la bomba ndani ya ndoo,
lile jabali nyuma ya nyumba likipoa, likialika kidogo,
na pumzi ya Nkwimba,
ambayo haikuwa pumzi ya mtu aliyelala.

"Mbona umeacha?"
"Sijaacha. Nimeinyamazisha. Ulale."
Tone. Tone.
"Mimi silali," akasema.
"Tangu waanze kusoma majina pale getini, silali.
Nilikuwa najiambia ni kelele zako."

Gumba langu lilikuwa juu ya kile kitufe.
Kilishuka laini, kikapanda laini,
na kwenye kioo pakaongezeka uwazi mmoja
baada ya mdaiwa.
Sikuwa na neno la kuweka mbele yake.

"Zimebaki nafasi ngapi?" nikauliza.
Akatoa mkono nje ya pazia, vidole vitano,
akakunja viwili,
na kile chenye plasta
akakiacha nusu, hakijasimama, hakijalala.